Septiki na mitaro ya kunyonya nyumbani: anza na udongo, tanki baadaye

Nyumba yangu ya kwanza niliijenga Kigamboni, Dar es Salaam. Shimo la maji taka lilichimbwa mwezi wa tisa, jua linawaka, ardhi kavu mpaka vumbi, fundi akashuka futi 12 akakutana na mchanga mweupe una unyevu kidogo, akapanda juu anafuta jasho ananiambia "bosi hapa umepata, hili halijai mpaka wajukuu". Nikamlipa na soda juu. Masika ya kwanza, mwezi wa nne, naamka alfajiri choo cha wageni kinabwabwaja, natoka nje nakuta maji yanachuruzika pembeni ya mfuniko wa chemba na jirani ameshasimama getini kanuna. Nikaita gari la majitaka likanyonya, baada ya siku mbili limejaa tena. Gari la tatu ndo akili ikanirudia kwamba pale nilikuwa nalipia kunyonya maji ya ardhini, sio ya chooni. Shimo lilikuwa limeingia ndani ya maji, na kiangazi maji yalikuwa yameshuka tu.

Kwa hiyo haya nayoandika ni ya mtu aliyeungua, nyumba ya pili (Goba, kiwanja cha mita 20 kwa 20) nilikaa na futi kamba mwenyewe na sijaita gari la dharura hata mara moja.

Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba tanki la septiki halisafishi maji. Tanki linatuliza tu, mazito yanazama chini yanakuwa tope, mafuta na povu yanaelea juu, na ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo au mitaro ya kunyonya, yaani mitaro yenye kokoto na bomba la matundu inayoyaachia maji kwenye udongo. Hayo yanayotoka bado machafu na yana vimelea vyote vya tumbo unavyovijua. Anayesafisha ni udongo, na udongo unasafisha ukiwa na hewa ndani yake, sio ukiwa umezama majini. Ndo maana kuchimba mpaka ukutane na maji ni kosa kubwa, hapo umeunganisha choo chako na kisima cha jirani moja kwa moja. Kati ya kitako cha shimo au mtaro wako na pale maji ya ardhini yanapofika wakati wa masika acha angalau mita 1.5, ukipata 2 shukuru.

Maji yanafika wapi masika utajuaje kama uko kiangazi? Uliza majirani wenye visima, waambie wakuonyeshe maji yanapanda mpaka wapi mwezi wa nne na wa tano. Au chimba shimo moja jembamba la mita 3 uangalie kuta zake kwa utulivu, udongo unaoloweka kila mwaka unakuwa na madoa ya kijivu yamechanganyika na rangi ya kutu. Pale madoa yanapoanzia ndo maji yanapofika, hata kama leo pamekauka kabisa. Mimi shimo langu la Kigamboni lilikuwa na hayo madoa kuanzia futi 5, tuliyaona wote tukasema udongo mzuri una rangi.

Hatua ya kwanza: maji mangapi

Usikisie. Chukua bili za maji za miezi mitatu unakoishi sasa, uniti moja ni lita 1000. Familia ya watu 6 inayotumia uniti 20 kwa mwezi inamwaga kama lita 670 kwa siku. Mimi nilipigia watu 6 kwa lita 120 kila mtu, ikaja 720, na hiyo ndo nitakayotumia kwenye hesabu zote hapa chini. Kama una wapangaji nyumba ya uani wahesabu na wao, na usihesabu maji ya mvua kwa sababu maji ya mvua hayatakiwi kuingia huko kabisa, gata za paa ziende kwingine.

Hatua ya pili: mpe udongo mtihani

Hii watu wanairuka na ndo yenyewe. Pale unapotaka mitaro ipite chimba mpaka kina cha mtaro, tuseme sentimita 95 (kokoto na udongo wa kufunika), halafu kitakoni pale chimba kishimo kidogo cha sentimita 30 kwa 30 na kina 30. Kwaruza kuta zake kwa msumari au kisu maana chepe linausugua udongo unang'aa na vitundu vinaziba, utapata majibu ya uongo. Toa udongo uliolegea, mwaga kokoto kidogo chini, jaza maji mpaka juu uache usiku kucha. Wengi wanapima siku hiyohiyo, udongo mkavu unakunywa kama mtu aliyefunga, unafurahi bure.

Kesho yake jaza tena kishimo sentimita 30. Chomeka fito yenye alama, subiri maji yashuke robo ya kwanza, yaani yabaki sentimita 22.5, hapo anza kuhesabu muda mpaka yabaki 7.5. Ni mshuko wa sentimita 15. Rudia mara mbili tatu, na piga vishimo viwili au vitatu sehemu tofauti kwa sababu kiwanja kimoja kinaweza kuwa na kichanga huku na mfinyanzi kule, Goba kwangu tofauti ilikuwa hatua kumi tu.

Sasa majibu. Ikichukua kati ya nusu saa na zaidi kidogo mpaka masaa manne hivi, udongo wako unafaa. Ikishuka haraka kuliko hapo unanyonya sana, maji yatapita bila kusafishwa, na kama kuna visima karibu hiyo ni hatari sio sifa. Ikipita masaa manne ni mfinyanzi mgumu, mitaro ya kawaida itakusumbua, utahitaji kutafuta kona nyingine ya kiwanja au kujenga tuta la mchanga juu ya ardhi na kuweka mitaro ndani ya tuta. Kwangu ilikuja saa moja na dakika 50, kichanga chenye tifutifu kidogo.

Hatua ya tatu: hesabu, hapa ndo utaona kwanini mafundi wanachimba shimo refu kama kisima

Kwa maji yaliyotoka septiki, mita moja ya mraba ya ukuta wa udongo inanyonya kama lita 50 kwa siku kwenye mchanga wa kawaida, 33 kwenye mchanga laini wenye tifutifu, 25 kwenye kichanga tifutifu, 20 kwenye udongo wenye mfinyanzi unaopitisha, na ukifika 10 huko ni mfinyanzi uliokaza, achana nao. Angalia nimesema ukuta. Kitako usikihesabu, miezi michache tu kinaziba na utando mweusi, kazi inabaki pembeni.

Mimi nilichukua 25. Lita 720 gawa kwa 25 unapata kama mita za mraba 29 za ukuta.

Shimo la duara la kipenyo mita 1.5 lina ukuta wa mita za mraba 4.7 kwa kila mita ya kina. Ili upate 29 kwa shimo moja lazima ushuke zaidi ya mita 6 chini ya bomba, na kwa Dar sehemu nyingi huko chini unakutana na maji. Mtaro je? Mtaro wenye kokoto kina cha sentimita 60 una kuta mbili, kila mita moja ya urefu inakupa mita za mraba 1.2, kwa hiyo 29 ni mtaro wa mita 24. Gawa miwili ya mita 12 pembeni ya uzio. Kina chake ni cha kiunoni tu! Vibarua wawili siku tatu wamemaliza, hakuna mtu anayeshuka shimoni futi 20 na kamba kiunoni. Mpaka leo sijui kwanini huku kwetu mitaro haijazoeleka, nadhani ni kwa sababu shimo linaonekana kazi kubwa na fundi analipwa kwa futi.

Hatua ya nne: panga kwenye karatasi

Kisima chochote, chako au cha jirani, mita 30 kutoka kwenye mitaro. Kiwanja cha 20 kwa 20 kama jirani ana kisima ukutani kaa naye mzungumze kabla hujachimba, sio baada. Tanki mita 2 kutoka msingi wa nyumba, mitaro mita 3 mpaka 5, bomba la maji safi lisipite karibu. Tanki liwe upande wa geti mpira wa gari la kunyonya ufike bila kupitishwa sebuleni (nimeona, kapeti limekunjwa, mama mwenye nyumba amefunga kanga puani). Mitaro isipite gari linapopaki, wala karibu na mwembe au mwarobaini, mizizi inafuata maji. Kama kiwanja kina mteremko mitaro ikate mteremko, isishuke nao, la sivyo maji yote yanakimbilia mwisho.

Ramani ya kibali cha ujenzi inayopelekwa halmashauri huwa inaonyesha mfumo wa maji taka, kwa hiyo fanya haya mapema, na bwana afya akija umwonyeshe majibu ya mtihani wa udongo, utaona anavyokuheshimu.

Hatua ya tano: tanki

Kanuni rahisi ya ukubwa ni lita 180 kwa kila mtu ongeza 2000. Watu 6 inakuja 3080. Mimi nilienda kama 3700 kwa sababu wageni kwetu hawapigi hodi. Vipimo vya ndani: upana mita 1.2, kina cha maji mita 1.3, vyumba viwili, cha kwanza urefu 1.6 na cha pili 0.8. Cha kwanza lazima kiwe theluthi mbili ya tanki zima, huko ndo tope linakaa. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa na povu. Ukijumlisha ukuta wa kati na kuta za nje za tofali za inchi 6, chimba kama mita 3.3 kwa 2 ili fundi apate pa kusimama, kina mita 2.

Chini weka jamvi la zege sentimita 15 lenye nondo, mchanganyiko wa moja mbili nne (saruji, mchanga, kokoto), acha likauke vizuri kabla ya kupandisha kuta. Tofali zijengwe na mchanganyiko wa saruji na mchanga wa moja kwa nne na zishindiliwe kila kiungo, halafu plasta ndani mara mbili, ya moja kwa tatu yenye dawa ya kuzuia maji, malizia na niru (uji wa saruji tupu). Kona za chini ziwe za mviringo. Simamia plasta mwenyewe, fundi akijua litafunikwa anapiga kama anapaka siagi.

Sasa bomba, hapa usisinzie. Bomba la kutoka chooni ni la inchi 4, linashuka sentimita 2.5 kila mita moja, likilala maji yanabaki na mzigo, likishuka kama slaidi maji yanakimbia yanauacha mzigo nyuma. Kila kona weka chemba ndogo ya ukaguzi. Bomba la kutokea kwenye tanki liwe chini kuliko la kuingilia kwa sentimita 7.5. Mafundi wengi wanaweka sawasawa kwa macho, halafu choo kinavuta kwa uvivu miaka yote. Pima kwa mpira wa maji (mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji), sio kwa jicho.

Ndani ya tanki kila bomba lifungwe Ti (kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T) ya wima, iliyo wazi juu na chini. Ti ya kuingilia izame sentimita 30 ndani ya maji, inapunguza kasi ya maji yanayoingia yasivuruge tope. Ti ya kutokea izame zaidi, kwa kina cha maji cha mita 1.3 ni sentimita 50, inachota maji ya katikati ambayo hayana povu wala tope. Bila hiyo Ti ya pili povu linaenda moja kwa moja kwenye mitaro na ndani ya miaka miwili imeziba, na mtaro ukiziba haunyonywi na gari, unachimbwa upya. Ti mbili za inchi 4 bei yake haifiki hata mfuko wa saruji, ila ukifungua septiki kumi za mtaani wengi utakuta hawana. Ukuta wa kati nao utobolewe katikati ya kina cha maji, matundu mawili matatu ya inchi 4, na juu karibu na zege acha nafasi hewa ipite.

Kifuniko ni zege la nondo mm 12 kila sentimita 15, lenye milango miwili, mmoja juu ya kila Ti, uweze kuzichungulia na kuzisafisha. Bomba la hewa lipandishwe mpaka juu ya paa, liishie na wavu wa mbu.

Kabla hujafunika jaza tanki maji, weka alama ukutani, rudi kesho. Siku ya kwanza tofali zinakunywa kidogo ni kawaida, jazia, subiri siku nyingine. Likishuka tena linavuja, rudi kwenye plasta. Likishikilia liache limejaa hivyohivyo, usilimwage, septiki inaanza kazi ikiwa imejaa, na sehemu zenye maji juu tanki tupu linaweza kunyanyuka kutoka ardhini kama mtumbwi, hasa haya ya plastiki.

Na hayo ya plastiki yanayouzwa na maneno "hayajai milele", sina ugomvi nayo, yanafungwa haraka na hayavuji. Ila tope litajaa tu, na maji yake bado yanahitaji mitaro. Muuzaji asiyekuuliza udongo wako ukoje anauza pipa.

Hatua ya sita: mitaro

Kutoka tanki bomba linaingia kwenye chemba ya kugawia, kijisanduku cha tofali chenye midomo miwili iliyo sawa kabisa. Mmoja ukiwa chini hata nusu inchi, mtaro mmoja unabeba maji yote na mwingine unakaa mkavu kama mke mdogo kapendelewa. Tulimwaga ndoo mbili za maji tukaangalia yanavyogawanyika, tukarekebisha, tukamwaga tena.

Mtaro upana sentimita 60, umbali kati ya mmoja na mwingine mita 2. Usichimbe mvua ikinyesha au udongo ukiwa tope, kuta zinasagika zinaziba, na kwaruza kuta tena kwa reki kabla ya kokoto. Kokoto ni za mm 20 mpaka 40 zilizooshwa, na nasisitiza zilizooshwa, lile vumbi la kokoto likishuka kitakoni linakuwa kama saruji. Bomba la inchi 4 lenye matundu, unaweza kununua au kutoboa mwenyewe kwa drili biti ya mm 10, matundu yaangalie chini kwa pembeni. Bomba lilale karibu na juu ya kokoto, hesabu yangu ya sentimita 60 inataka kokoto nyingi ziwe chini yake, juu yake ongeza sentimita 5. Mteremko mdogo sana, nusu sentimita kwa mita, inatosha, na mwisho wa bomba uzibwe.

Juu ya kokoto weka kitambaa cha kuchuja au tabaka nene la majani makavu ili udongo usizame ndani, usiweke nailoni, inazuia unyevu kupanda na hewa kushuka. Halafu udongo sentimita 30 uliopandishwa kidogo kama kaburi maana utashuka. Panda nyasi.

Kigamboni nilipokuja kurekebisha nilifanya hivihivi ila mitaro ya kina kifupi ndani ya tuta la mchanga, msingi wa nyumba ulikuwa juu vya kutosha bomba kushuka lenyewe. Lile shimo la wajukuu nilifukia.

Kuishi nayo

Sinki la jikoni lipite kwanza kwenye kichemba cha kunasa mafuta, kichote kila wiki mbili, mafuta ya chapati ndo yanaua mitaro kuliko kitu chochote. Pampasi, pedi, tishu za kulainisha, mchanga wa kusugulia sufuria, hapana. Wengine watakwambia utupie kichwa cha mbuzi au hamira ili "kuamsha" tanki, acha, vijidudu vinakuja na kinyesi chenyewe kila siku. Dawa ya kuua vijidudu usimwage madumu kwa madumu.

Mtu asiingie kwenye tanki wala shimo, hata kama limeshanyonywa, hata kama anasema amezoea. Hewa ya mle ndani inaangusha mtu kabla hajaita jina la mtu, na anayeshuka kumwokoa anaangukia juu yake. Na usikubali habari ya kutapisha, yaani kufungulia maji taka yatoke nje, wakati wa mvua, kile kinachotapishwa watoto wa mtaa wanakikanyaga kesho wakienda shule.

Kila mwaka fungua mlango wa chumba cha kwanza, chukua fito ndefu uifunge taulo jeupe chakavu, shusha mpaka kitako, iache dakika chache, pandisha polepole. Sehemu iliyopakwa nyeusi ni tope. Likifika theluthi ya kina cha maji, kwa tanki hili sentimita 43 hivi, ita gari, kwa familia ya kawaida inakuja kila miaka mitatu mpaka mitano. Mwambie dereva abakize tope kidogo chini, kisha jaza maji tena.

Na kabla hujamwaga pevingi, chukua futi kamba upime kutoka kona mbili za nyumba mpaka kila mlango wa chemba, chora kwenye karatasi, ipige picha, nakala moja iweke pamoja na hati ya kiwanja. Jirani yangu wa Goba ameng'oa pevingi za uwanja mzima akitafuta mlango aliofunika mwenyewe.